Mwanafunzi wangu anataka kupelekwa mjini, naombeni ushauri

Habari za majukumu wapendwa. Mimi ni Mtanzania, nafundisha Kiingereza kijijini huku kaskazini mwa Thailand, mkoa wa Phayao. Watu wa huku ni Wabudha hasa, alfajiri wanatoka barabarani kuwapa watawa chakula, na kijiji kimeendelea, lami ipo, intaneti ipo, nyumba mpya na pikapu kila kona. Ila mpunga haulipi hivyo jamani, hela nyingi zinatumwa na mabinti walioko Bangkok na Pattaya.

Sasa nina mwanafunzi wa miaka 15, mwezi wa tatu anamaliza darasa la 9, na hapo ndo elimu ya lazima inaishia. Kuna mama mmoja hapa kijijini wanamwita shangazi, kashampa mamake hela kabisa, bati jipya lishaezekwa, na binti akimaliza tu anaondoka naye eti kuhudumu mgahawani, mshahara unakatwa mpaka deni liishe. Karatasi hakuna. Waliotangulia na huyo shangazi waliishia kwenye karaoke wanakunywa na wateja usiku kucha, watoto wale!

Mkoa huu miaka ya 80 na 90 wazazi walikua wanapokea hela mapema ili binti apelekwe kwenye ukahaba, hata shule hajamaliza. Sheria ya 1996 inamfunga mzazi anayeshiriki kumuingiza mtoto wa chini ya miaka 18 kwenye ukahaba, basi siku hizi wanaita kazi ya mgahawa.

Kinachoniuma zaidi binti mwenyewe haoni kama anaonewa. Kakake aliingia utawa kwa muda, na kwa imani yao mama akapata thawabu, yeye wa kike huku hapewi utawa huo, so anasema fadhila za mama atazilipa kwa kutuma hela. Na shangazi ndo mchangiaji mkubwa wa hekalu, jina lake limeandikwa ukutani pale, nani atamgusa?

Mkuu wa shule kaniambia ya familia niyaache, na kibali changu cha kazi kiko mikononi mwake. Namba ya serikali ninayo, 1300, ila nikipiga naogopa mama atafungwa na wadogo zake wapo. Nianze na mtawa mkuu, ambaye mama anamsikiliza sana, ama na yeye atamlinda mfadhili wake? Mliowahi kusaidia mabinti wanaotolewa Iringa na Singida kuja kazi za ndani Dar, mliongeaje na mzazi ambaye hela kashaila? Mwezi wa tatu si mbali, naombeni majibu.