Harambee ya mashua za matanga: tunaomba mkono wenu

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na majirani wa Makina, Lindi, Highrise, Lang'ata na kokote mlikohamia, salamu nyingi.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao tutafanya harambee kwenye ua wa karakana yetu hapa Kibera, kuanzia saa nne asubuhi. Tunatafuta shilingi 480,000. Wanachama tumeshachangishana 63,000, kwa hiyo zimebaki 417,000. Nimetanguliza hesabu kwa sababu najua barua ya mchango husomwa kuanzia hapo, na hakuna ubaya.

Pesa ni za mashua. Si za kubeba abiria wala kuvulia samaki. Ni mashua ndogo za mashindano, za mbao, zenye mlingoti mmoja na matanga mawili, urefu wake kama mtoto wa gredi ya tatu akilala chini. Tunazo tano za zamani, na tunataka vijana wetu waunde nyingine nane.

Waliozaliwa kabla ya gugumaji hawahitaji kuelezwa habari za matanga. Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya jiji, na kwa miaka mingi watu walikuwa wakishindana pale kwa mashua za matanga. Leo mtoto wa Highrise akichungulia dirishani anaona shamba la majani mabichi, na ukimwambia chini yake kuna maji anadhani unamtania. Seremala mmoja mzee wa hapa kwetu, ambaye watoto humwita Babu, aliwahi kutengeneza mashua za pale kwa mkono wake. Shughuli zilipokufa alibaki na mashua hizi tano za mfano, amezifunga kwa magunia juu ya dari. Ndizo alizotuletea.

Kabla uvumi haujaanza niseme wazi: hatuchangishi pesa za kusafisha Bwawa la Nairobi. Ile ni kazi ya serikali, na majitaka yanayoingia mle hayawezi kuzuiwa kwa harambee ya chai na mahamri. Sisi tunatumia bwawa la kumwagilia la shule moja upande wa Lang'ata, ambayo imetukubalia Jumamosi bila malipo. Ni dogo, lakini upepo unalifikia vizuri, na hilo kwetu ndilo kubwa.

Sasa niwaeleze mashua zenyewe, maana wengine mtauliza kwa nini tusinunue zile za plastiki zenye rimoti.

Hizi ni za daraja, yaani kundi la mashua zenye kanuni moja, la Marblehead, lililoanzishwa mwaka 1930 na Mmarekani aitwaye Roy Clough katika mji wa Marblehead, Massachusetts. Sheria yake ya msingi ni fupi: mashua isizidi urefu wa inchi 50, yaani sentimita 127, na matanga yake yasizidi inchi za mraba 800. Kwingine kote mwundaji ana uhuru mkubwa. Ndiyo maana mashua mbili za daraja moja zinaweza kuwa na umbo tofauti kabisa, na ubishi wa ipi ni bora hauishi. Kila moja yetu ina uzito wa kama kilo 9, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni farumi, yaani uzito wa kuituliza, wa madini ya risasi, uliofungwa chini ya mkuku, ule uti wa chini wa mashua. Bila farumi, upepo wa kwanza tu ungeilaza ubavu.

Na hazina rimoti. Mwaka zilipoundwa, rimoti haikuwa kitu cha mtu wa kawaida. Mashua inajiongoza yenyewe. Kule tezini, yaani nyuma ya mashua, kuna bawa dogo la ubao mwembamba lililosimama wima, linalogeuka na upepo. Bawa limeunganishwa na usukani. Unalitega kwa pembe unayotaka, na mashua ikitoka njiani, bawa linasukumwa na upepo, usukani unageuka, mashua inarudi. Mtindo huu ulipata umaarufu miaka ya 1930 kupitia Mnorwei aitwaye Sam Berge. Kabla yake usukani uliunganishwa na kamba ya tanga kuu, na moja kati ya tano zetu bado ina mtambo huo wa zamani.

Ukishaiachia, basi. Huna la kuirekebishia katikati ya maji. Kwa hiyo mtoto anasimama ukingoni, anatazama majani ya mti ng'ambo, anatazama viwimbi, anakaza tanga kidogo, analegeza, anatega bawa, na wenzake wanampigia kelele aachie. Zinaachiwa mbili kwa pamoja. Mkondo wa kupiga bisho, yaani kwenda kinyume na upepo, mshindi anapata pointi 3. Wa kurudi na upepo wa tezini, pointi 2. Mashua ikifika ukingoni, nahodha anapaswa kuwa ameshafika pale, aigeuze kwa fimbo ndefu na kuirudisha njiani. Umbo la urefu ule haliwezi kwenda kasi sana majini. Likijitahidi sana ni kama kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu mwenye haraka. Kwa hiyo manahodha wetu hukimbia na kusimama, hukimbia na kusimama, fimbo mkononi. Msichana mmoja wa gredi ya saba ndiye bingwa wetu kwa sasa. Wavulana wanasema ni kwa sababu ana miguu mirefu. Babu anasema ni kwa sababu yeye peke yake huuangalia upepo kabla ya kuiangalia mashua, nami niko upande wa Babu.

Ndugu zetu wa Lamu na Matondoni watatucheka kwa kuandika haya kama kitu kigeni. Sawa, tucheke pamoja. Maneno yote tunayotumia karakanani, omo (mbele) na tezi, farumi, kubisha, ni yenu, na fundi yeyote wa majahazi aliye Nairobi atakayepitia kwetu atapewa kiti cha mbele.

Hali ya hizi tano si nzuri. Ya kwanza tuliyoifungua ilikuwa imepakwa rangi tabaka juu ya tabaka. Tulipoikwangua tukaona jinsi ilivyoundwa: mbao zimepangwa moja juu ya nyingine, kila moja imetobolewa katikati kwanza, kisha zikagundishwa na kuchongwa kwa nje mpaka umbo likatokea. Kazi safi sana. Lakini gundi ya zamani imechoka na maji. Ukipitisha kucha kwenye maungio, kucha inaingia. Tuliiweka kwenye karai usiku mmoja, asubuhi ilikuwa imekunywa maji ya kujaza birika. Pini ya bawa lake ilikuwa imekatika. Kijana mmoja akaenda nayo Kamukunji, fundi akamtengenezea nyingine kutoka kwenye spoki ya baiskeli, inafanya kazi hadi leo. Hilo tuliliweza. Matanga hatukuweza. Yale ya asili ni ya pamba, yameingia ukungu na kuchanika. Tulishona mengine kwa kitambaa cha miavuli kutoka soko la Toi, yakapendeza sana kwa macho, lakini kitambaa kile kinavutika. Upepo ukikaza, tumbo la tanga linakimbilia nyuma na mashua inakataa kabisa kubisha. Kinahitajika kitambaa chenyewe cha matanga, dakroni, na hicho hakiuzwi kwa fungu.

Kwa hiyo pesa zitakwenda hivi. Sehemu kubwa, 210,000, ni mbao, gundi ya epoksi, vanishi, kitambaa, na vifaa vya kukarabati zile tano na kuunda nane. Humo mna risasi ya farumi, na hapa naomba wazazi mnisikilize: itanunuliwa ikiwa tayari imemwagwa kwenye umbo lake na kiwanda chenye kibali, kisha ipakwe rangi kabla mtoto hajaigusa. Mtu alipendekeza tuyeyushe betri kuukuu za magari, ni rahisi. Wanaokumbuka sumu iliyowapata watu wa mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa kwa risasi ya betri hawatatuuliza kwa nini tulikataa.

105,000 ni za kontena kuukuu na rafu zake, kwa sababu sasa mashua zinalala chini ya vitanda vya watu. 95,000 ni za mtumbwi mdogo wa kufuatia mashua zilizokwama, makasia, na majaketi ya kuokolea. Watoto hawaruhusiwi kuingia majini hata kidogo, kwa ajili ya kuzama na kwa ajili ya kichocho, na bila mtumbwi mashua ikinasa katikati tunaweza kukaa tukiitazama hadi upepo ugeuke. Zilizobaki, 70,000, ni gati fupi la mbao la kuzishushia, kwa sababu ukingo umejaa tope na tumeshashuhudia mtu mzima akiteleza na mashua kifuani.

Najua swali lililo mioyoni, na mama mmoja alilisema waziwazi kikaoni: watoto wana karo, nyinyi mnataka mashua? Mama, hukukosea kuuliza. Mfuko wa karo upo, una mweka hazina wake na daftari lake, na hatujachukua wala hatutachukua hata shilingi humo. Asiyeweza kuchangia miwili, achangie wa karo. Lakini karakana hii ndiyo mahali pekee mtaani ambapo mtoto anashika randa na patasi bila kufukuzwa, na vijana wawili wakubwa walioanza kwa kukwangua rangi ya mashua sasa wanaitwa na mafundi wa fanicha Ngong Road msimu wa kazi nyingi ukifika.

Siku ya harambee mashua mbili kati ya zile tano, ambazo bado zinaelea, zitakuwepo mezani, na Babu atakuwepo pia. Zungumzeni naye upande wa sikio la kulia. Waheshimiwa wanakaribishwa kama majirani wengine. Hotuba hazipo kwenye ratiba. Kila mchango utasomwa na kuandikwa palepale, na risiti itatolewa, hata ukileta shilingi hamsini.

Walio mbali watume kwa M-Pesa. Namba ya kikundi utapewa na mweka hazina peke yake, kwa mdomo. Ukitumiwa namba na mtu mwingine, hata akijitambulisha kuwa ni mimi, usitume kitu. Asiye na pesa tunamkaribisha kwa vitu: vipande vya saipras au mvule vilivyobaki kwenye kazi, msasa, klampu, makopo ya vanishi yenye kitu ndani, nyuzi imara za kushonea, na buti za mpira za saizi yoyote. Vitu vinapokewa karakanani siku yoyote baada ya saa kumi jioni. Mbao zije kavu, na tafadhali mng'oe misumari kwanza, kwa maana randa tunayo moja.

Katibu, kwa niaba ya kamati