Safari ya Nozawa Onsen: naomba mthibitishe

Habari za jioni ndugu zangu,

Tamasha la Moto wa Dosojin, miungu walinzi wa njia na mipaka ya kijiji, ni usiku wa Januari 15 huko Nozawa Onsen, kijiji cha mkoa wa Nagano, Japani. Wanaume wa miaka 42 hukaa juu ya jukwaa la magogo, wa miaka 25 hulilinda chini, wanakijiji wakiwavamia kwa mienge. Umri huo huaminiwa kuwa wa mikosi. Mwishowe jukwaa lote huteketezwa.

1. Kuondoka: Ueno, Tokyo, saa 3 asubuhi.
2. Mchango wa gari na chakula: yeni 12,000, mwisho Januari 8.
3. Cheche hutoboa nailoni. Vaeni makoti mazito ya zamani.

Andika "Nipo" kabla ya Jumapili tafadhali. Wenye watoto nijulisheni, nibebe blanketi.