Nimeimba Naye Sauti ya Pili

Tukuyu,
28 Desemba

Mpendwa Mama Lusajo,

Ugonile! Habari za Mwanza, habari za shemeji na watoto? Huku sote wazima, ila mvua imetukalia tangu Jumapili ya kwanza ya mwezi na nguo hazikauki. Mama yako nilimpitia juzi nikamkuta anapukuchua maharage barazani, mzima kabisa, anauliza tu Lusajo amefikia kimo gani.

Barua yako ya Novemba niliipata. Sikuijibu kwa sababu sikujua nikujibu nini. Pale ulipoandika kwamba umerudisha joho la kwaya kwa katibu kwa kuwa "sauti haipo tena", nilikunja karatasi nikaiweka ndani ya Biblia, na kila Jumapili naiona. Sasa ninalo la kukuambia, lakini itabidi unipe nafasi nianzie mbali.

Nimemwona, mwenzangu. Dada yetu, yule mwimbaji wa kaseti. Nimemwona kwa macho haya, hatua kama kumi na tano kutoka nilipoketi.

Tangazo nililisikia redioni mwanzoni mwa Desemba nikiwa namenya ndizi. Nilisimama na kisu mkononi mpaka walipolirudia: tamasha la Krismasi, Mbeya mjini, tarehe 26 jioni. Kiingilio elfu kumi, na viti vya mbele elfu thelathini. Nikachukua cha mbele. Nilitoa kwenye hela ya majani ya chai, na Baba Bupe nilimwambia wazi kabla sijaigusa. Miaka ishirini nimemsikiliza huyu mtu bila kumpa hata senti, maana hata ile kaseti haikuwa yangu, ilikuwa ya kaka yako. Unakumbuka alivyoshuka nayo Mbeya kwenye treni ya TAZARA, mwaka 2004, imeviringishwa ndani ya soksi isipate vumbi? Na tulivyokuwa tukiirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili tusimalize betri, na betri zenyewe tunazianika juu ya bati zipate nguvu ya siku moja zaidi. Wimbo wa tatu utepe ulikatika, ukauunga wewe kwa selotepu, ukawa unaruka pale kwenye ubeti wa pili. Tulizoea kuruka hivyo hivyo. Mpaka leo nikiuimba nafika pale navuta pumzi.

Safari ilikuwa ile ile unayoijua. Kosta ilitoka hapa saa tano, ikajaza Kiwira, tukapanda Isyonje ndani ya ukungu mpaka dereva akawasha taa mchana. Akina mama wameinua ndoo za viazi na mafungu ya karoti zenye majani yake, mikono tu ndiyo inaonekana. Mlima Rungwe haukuonekana kabisa. Kuteremkia Uyole jua likatoka. Nikashukia stendi ya Nane Nane, nikapitia kwa shangazi Ilomba kuweka mfuko wangu na kula, kisha nikachukua bajaji.

Ukumbini waandaaji waliuza tiketi kupita viti. Watu wenye tiketi zao halali walisimama ukutani, wazee pia, na hilo liliniuma. Mtu aliyetoka Kyela na mjukuu mgongoni hasimamishwi. Mimi nilimpakata mtoto wa mama mmoja, kiti chetu tukakigawana hivyo. Tukangoja. Zilipita kwaya nne, zote nzuri, sitakuchosha. Ila kikundi cha tarumbeta lazima nikuambie. Vijana wa Moravian, kumi na wawili, wameingia kwa mlango wa nyuma wanapiga, hatukuwaona mpaka walipotupita katikati. Wamoravian wana tarumbeta zao kokote waliko, na sisi tumekuwa nao tangu 1891 walipofungua misheni ya Rungwe, kwa hiyo nikisikia shaba ikilia Desemba mimi mwili unajua ni Krismasi kabla akili haijajua. Kijana wa mwisho alibeba lile baragumu kubwa la bezi lenye kibonyeo ubavuni, na nikamwona babu yako asubuhi ya sikukuu, mashavu yamejaa, jasho linamtoka na baridi yote ile.

Akaingia saa mbili kasoro usiku.

Sikupiga kelele. Nilidhani nitapiga, watu wote walipiga, mimi koo lilifunga. Amevaa gauni la kitenge cha kijani, kitambaa kichwani, viatu vya chini. Amenenepa kidogo. Ana mvi mbili tatu hapa mbele ya sikio ambazo kwenye picha hazionekani. Na mkononi ana chupa ya chai, zile za kwetu zenye maua mekundu ubavuni, amejibebea mwenyewe. Akaiweka juu ya spika, akafungua kifuniko, akamimina, mvuke ukapanda kwenye taa. Akanywa taratibu kama yuko jikoni kwake. Ukumbi mzima umenyamaza unamtazama mtu anakunywa maji ya moto. Ndipo akasalimia.

Aliimba nyimbo tano sita za kumshukuru Mungu na za Krismasi, akituchangamsha, watu wakicheza mpaka mbao za jukwaa zinalia. Nilicheza na yule mtoto mgongoni. Kati ya wimbo na wimbo anarudi kwenye ile chupa. Kisha akageuka kwa mpiga kinanda, akamwonyesha kiganja kimelala hivi, akakishusha mara mbili. Yule kijana akabonyeza kitufe mara mbili, akapiga utangulizi.

Wimbo wa tatu.

Mwenzangu, wewe unajua mimi ni alto, sauti ya pili, tangu kipaimara, sauti ya juu siijui hata njia yake. Wimbo ule mwalimu wetu alituandikia ubaoni Doh ni G, yaani do inakaa kwenye noti ya G, na ndivyo ulivyo kwenye kaseti. Mara tu nilipoanza kuung'onga nikasikia so yangu ya chini inatua kifuani, mahali ambapo huwa haifiki. Ameushusha wimbo. Doh ni F. Ile ya juu kabisa kwenye kiitikio, ile iliyokuwa yako, ile uliyokuwa ukiifikia bila kuinua hata nyusi, yeye haendi tena kule.

Nikaogopa kidogo kwa niaba yake. Ubeti wa kwanza aliuimba sawa. Sauti imeshuka na imeota kitu ndani yake, kama mti wa mvule ukiupasua unakuta rangi nyingine katikati. Halafu ulipokaribia ubeti wa pili, nikavuta pumzi pale pale ninapovuta siku zote, pale kwenye selotepu yako, na yeye akaendelea. Kulikuwa na maneno pale! Nilikuwa nimeyasahau kabisa. Miaka yote hii nimeliruka hilo tundu, na sasa mwenyewe amesimama mbele yangu analijaza. Machozi yalinitoka hapo, si kwenye kiitikio kama wengine.

Kwenye kiitikio akashusha maikrofoni, akasema, "Ile ya juu mnayo ninyi. Mimi nipeni ya pili."

Ukumbi ukachukua sauti ya kwanza wote, wanaume kwa wanawake, na yeye akaingia chini yao. Ile ile. Mstari ule ule niliojifunza kwenye mbao za sakafu ya kanisa letu, mi-mi-re-do, hakuongeza wala hakupunguza. Nimeimba sauti moja na yeye, Mama Lusajo. Sikuwa nikimfuata, tulikuwa tunatembea pamoja. Aliurudia mara nne na mara ya mwisho akawanyamazisha wapiga vyombo, na mimi nilikuwa nasikia sauti yake na yangu, na upande wangu wa kulia, mahali ulipozoea kusimama wewe, nasikia pengo. Nilimgusa yule mama jirani mkono bila kujua.

Alimalizia na Usiku Mtakatifu, kwa gitaa moja tu. Unakumbuka mwalimu wetu wa kwaya alivyokuwa akituzuia kuupigia ngoma? Alituambia ulivyoanza: tarehe 24 Desemba 1818, kijiji cha Oberndorf kule Austria, Padri Joseph Mohr aliyeandika maneno ameshika gitaa, na mwalimu wa shule Franz Xaver Gruber aliyeutunga muziki amesimama kando yake. Watu wawili na gitaa, mmoja anaimba juu, mmoja chini, na kwaya inarudia tu mwishoni. Dada yetu alimwita binti mmoja kutoka kwaya za mwanzo, mwembamba, anatetemeka, akampa sauti ya kwanza. Yeye mwenyewe akakaa ya pili mpaka mwisho, uso wake umemgeukia yule binti, wala hakututazama sisi.

Nilirudi Ilomba kwa miguu na wenzangu wawili watatu, mvua ya manyunyu, hatukuongea. Shangazi aliniachia wali kwenye hotpoti. Sikulala.

Sasa nilikuwa namfikiria nani usiku ule, unafikiri?

Uliniandikia alivyokueleza daktari, na mimi nikamuuliza nesi wa hapa kwetu, akasema ni hivyo: mshipa mdogo wa fahamu unaosaidia kukaza nyuzi za sauti kwa noti za juu unapita jirani kabisa na tezi la shingo, na baada ya upasuaji wa rovu wapo wanaozikosa zile za juu hata kama kuongea kumebaki kama zamani. Rovu lenyewe si kosa lako wala laana, kama yule mama mkwe anavyopenda kusema. Bibi zetu wangapi walikuwa nalo huku? Mvua za milimani zinasomba madini joto kwenye udongo, na sisi tumekula vilivyoota kwenye udongo huo, na chumvi tuliyokuwa tukinunua ya kupimiwa kwenye kopo haikuwekwa kitu. Wewe ulikatwa likatoka, umepona, una watoto wako. Nilimshukuru Mungu siku ile uliponipigia simu, ukakwaruza "ni mimi", na ninamshukuru mpaka leo.

Lakini ulichoniandikia si kweli. Hukuniandikia kwamba huwezi kuimba. Uliniandikia kwamba huwezi kuimba ya kwanza. Nimeisoma tena barua yako jana nikiwa na haya yote kichwani: "nafika la tu, nikipanda zaidi hakuna kitu." Sasa la si inatosha? Mimi mwaka mzima siendi juu ya la. Alto nzima ya kanisa letu haiendi juu ya la! Tumeishi huku chini miaka yote, tunashikilia nyumba ninyi mkicheza juu ya bati, na hukuwahi kuniambia kwamba mimi sina sauti.

Samahani kama maneno yamekuwa makali. Nimeyaandika mara mbili na mara zote mbili yametoka hivyo hivyo.

Nenda kachukue joho lako kwa katibu. Mwambie unarudi, unakaa kwa alto. Wakikuuliza, waambie umetumwa na mwenzako wa Tukuyu. Na Pasaka mnakuja kama shemeji alivyoahidi. Nimeshaongea na mwalimu wa sasa, kijana mzuri, anajua solfa kama wa zamani, amesema ukifika tu unasimama na sisi bila mazoezi marefu. Utasimama kulia kwangu.

Nyuma ya karatasi hii nimekunakilia sauti ya pili yote ya wimbo wa tatu, pamoja na yale maneno ya ubeti wa pili tuliyokuwa tukiyaruka. Nimeandika Doh ni F. Kwenye kiitikio kuna so ya chini ya mapigo manne, hapo usisukume, iache ishuke yenyewe. Anza ukiwa unapika, kwa kung'onga tu, mdomo umefunga. Mtoto akilala mwimbie huo huo.

Barua naiweka ndani ya mfuko wa mchele. Ni wa Kyela, kilo kumi, wa mwaka huu, nimeupakia kwenye basi la kesho alfajiri na namba ya mzigo nitakutumia kwa simu. Kuna na parachichi nane juu yake, zimefungwa kwenye gazeti, mbili zilikuwa zinaanza kulainika kwa hiyo uzile hizo kwanza. Bupe anakusalimu, anauliza kama ziwa Viktoria lina mawimbi.

Ndaga fijo kwa ile khanga.

Wako wa siku zote,
Mama Bupe