Barua ya wazi kwa shemeji anayetaka sanduku la jiko

Shemeji,

Umeniomba ramani ya sanduku langu la jiko la kambini, lile la mbao ninalobebea vyombo vya kupikia garini, vipimo vyote hadi milimita, ili uanze kukata mbao. Sikutumii, na wala si uchoyo. Vipimo vyangu vimefuata gari langu, sufuria zangu na mgongo wangu, na wewe huna hata kimoja kati ya hivyo. Acha nikueleze namna ya kupata vya kwako. Naandika hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayeniuliza.

Anza na vyombo, mbao baadaye. Tandika shuka sakafuni, toa kila utakachopikia na kulia, ukipange hapo: jiko la gesi, sufuria, kikaango, birika, sahani, vikombe, kisu, ubao wa kukatia, mwiko, upawa, chumvi, mafuta, sabuni. Kisha anza kuondoa. Sufuria mbili zinazoingiliana zinatosha familia ndogo. Ya tatu utazunguka nayo safari nzima, kazi yake ikiwa ni kuhamishwa ili uzifikie zile mbili. Vitakavyobaki ndivyo vitakavyokupa vipimo. Jiko la plati mbili, likiwa limefungwa, mara nyingi ndilo linaloamua upana. Sufuria kubwa kuliko zote, pamoja na mikono yake, inaamua kina. Kila upande ongeza nafasi ya vidole, maana chombo kilichobana hakitoki usiku ukiwa umeshika tochi kwa meno.

Halafu nenda kwenye gari na futi yako. Watu hupima sakafu ya buti wakaridhika, wakasahau kwamba mlango wa nyuma huwa mwembamba kuliko ndani, na kwamba matao ya magurudumu yanakula nafasi pembeni. Kabla ya kununua chochote, tengeneza sanduku la maboksi ya karatasi na gundi ya utepe, kwa vipimo vya nje vile vile. Liingize garini, funga mlango, lifungue, jaribu kutoa vitu ukiwa umesimama nyuma. Kazi ya nusu saa, na itakuonyesha mambo ambayo mchoro hauonyeshi: mlango wa nyuma unaogonga kifuniko, kiti kisichorudi nyuma tena, sanduku ambalo lazima liinuliwe juu ya ukingo wa buti ndipo litoke.

Hapo kwenye kuinua ndipo nitakapokukalisha kidogo.

Chukua sanduku la kawaida tu, upana sentimita 80, kina 45, urefu wa kwenda juu 50. Ukijumlisha pande zote sita unapata karibu mita mbili za mraba. Plaiwudi ya milimita 12, hata ile ya mbao nyepesi, ina uzito wa kilo sita hadi saba kwa mita ya mraba. Maana yake sanduku tupu, bila bawaba, bila droo, bila kijiko, linakaribia kilo 14. Sasa, NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya ya wafanyakazi, inaweka kilo 23 kuwa kikomo cha kuinua, tena katika hali nzuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, mikono haijanyooka, kiuno hakizunguki. Kutoa sanduku kwenye buti hakuna hata sifa moja kati ya hizo. Umeinama, umenyoosha mikono, na umepinda upande mmoja kukwepa bampa.

Kwa hiyo usitumie unene mmoja kila mahali kwa sababu tu ulipata karatasi nzima ya plaiwudi. Milimita 12 iwe sakafu. Kuta na mlango 9. Vigawanyo vya ndani 6, havibebi kitu. Ukuta wa milimita 9 haushiki skrubu vizuri ubavuni, tabaka zinafunguka, basi kwenye kila kona ya ndani gundisha kipande cha mbao cha sentimita mbili kwa mbili, kisha piga skrubu kupitia ukutani hadi kwenye kipande hicho, ukiwa umetoboa kwanza kwa keekee nyembamba. Gundi iwe isiyoyeyuka kwa maji. Kwa kuta na mlango wa sanduku la ukubwa huo, karatasi moja ya milimita 1220 kwa 2440 inatosha, ila chora mikato yote juu yake kabla ya kugusa msumeno, na kumbuka msumeno wenyewe unakula milimita mbili au tatu kila unapopita. Ukisahau hilo, ubao wa mwisho ndio utakaopungua.

Maji yasiingie humo. Dumu la lita 20 ni kilo 20, habari imeishia hapo. Kikaango cha chuma cha kuyeyushwa nacho kisafiri peke yake, chini, kimefungwa kwenye gunia.

Kuhusu mlango wa mbele unaoshuka na kuwa meza: fanya. Ni wazo la zamani na bado halijapata mpinzani. Mwaka 1866 Charles Goodnight, mfugaji wa Texas aliyekuwa akiswaga ng'ombe safari ndefu, alichukua gari kuukuu la jeshi la kukokotwa na wanyama, akafunga nyuma yake kabati la vyakula lenye mlango unaoshuka na kusimama kwa mguu. Mpishi alisimama mahali pamoja, kila kitu kikimtazama. Zingatia ule mguu. Mlango ukining'inia kwa minyororo tu, na wewe umeshatoa sufuria zote zilizokuwa zikilizuia sanduku kwa nyuma, ukiegemea kiwiko wakati wa kukata kitunguu sanduku zima linakuinamia. Weka mguu wa kukunja katikati ya ukingo, au hakikisha mlango unalala juu ya meza iliyo chini yake.

Miguu ya sanduku lenyewe siipendi, najua wewe unaipenda. Inaongeza uzito, na ardhi ya kambini haijawahi kuwa sawa. Meza ya kukunja ya sentimita 70 inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Lakini angalia hesabu: meza 70, sanduku 50, paa la sanduku liko sentimita 120, yaani kifuani. Usiweke jiko pale juu, mafuta ya moto yatakuwa jirani ya uso wako. Wala usiliweke ndani ya sanduku chini ya mbao. Jiko likae mezani kando ya sanduku, na mlango ulioshuka uwe wa kukatia tu.

Gesi. Propani na butani ni nzito kuliko hewa, zikivuja zinashuka na kujikusanya chini, na sanduku lenye kuta tano ni bakuli zuri la kuzikusanyia. Mtungi usafiri nje ya sanduku, umesimama, koki imefungwa, na usiuache ndani ya gari lililofungwa juani. Makopo mengi yameandikwa yasizidi nyuzi joto 50, na gari lililoanikwa hufika huko bila taabu. Ukienda penye baridi kali, jua kwamba butani hukaribia kuacha kutoa mvuke kwenye nyuzi sifuri, wakati propani huendelea hadi karibu hasi 42. Na hata mvua inyeshe vipi, usipike ndani ya gari wala ndani ya hema. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi.

Kupanga ni rahisi ukishakubali kwamba barabara itatikisa kila kitu. Vizito chini, upande ulioegemea kiti. Birika, majani ya chai na kiberiti viwe vya kwanza kufikiwa, kwa sababu ndivyo utakavyovitaka kabla hata ya kufungua hema. Mataulo ya vyombo yasikunjwe pembeni: laza kila sahani na taulo lake, kelele zinaisha na umeokoa nafasi. Viungo vihamie kwenye vichupa vidogo vya plastiki. Chupa ya mafuta isimame ndani ya kopo refu, itavuja tu siku moja, basi ivujie kopo. Kisu kiwe kwenye ala. Droo moja inatosha, ya sentimita nane kwenda chini, lakini iwe na komeo, kwani kona kali huifungua yenyewe na vijiko vyote vikamwagika.

Sanduku nalo lifungwe kwenye gari. Usitegemee uzito wake. Lisukume ligusane na mgongo wa kiti, pitisha mikanda miwili ya kukaza kwenye pete za sakafuni, na uijaribu kwa kulivuta kwa nguvu. Breki ya ghafla haina adabu.

Uliuliza pia kama upake rangi au vanishi. Nje vanishi, mara tatu, ukipitisha msasa laini kati ya upakaji mmoja na mwingine. Ndani rangi nyeupe, ili sisimizi na kijiko kilichoanguka vionekane usiku. Na ukirudi nyumbani usilifunge: liache wazi mpaka likauke kabisa, ukungu unapenda mbao zilizofungiwa na unyevu.

Ukimaliza lile la maboksi, nipigie picha likiwa ndani ya buti, mlango umefungwa. Plaiwudi tutaizungumza baada ya hapo.