Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Samaki na Wanyamapori wa Kentucky: Maswali ya Watu wa Tanganyika

Kwa Kamishna,
Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Jimbo la Kentucky,
Frankfort.

Mheshimiwa Kamishna,

Salaam nyingi. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili nikijua huenda ukahitaji mkalimani ili uisome. Si kiburi. Watu wangu wa Louisville, Lexington na Bowling Green hukitafutia mkalimani kitabu cha kanuni za uvuvi kila msimu, na mara nyingi mkalimani huyo ni mtoto wa darasa la tano. Nimeona safari hii zamu iwe yako.

Wengi wetu tulifika Kentucky kama wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, na baadhi walikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Kati yetu wamo wazaliwa wa Uvira, Baraka, Kalemie na Rumonge, watu waliokulia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambao ndakala, yaani dagaa, na migebuka ndiyo iliyowasomesha. Naomba usituwazie kuwa tumekuja hapa tukidhani maji hayana mwenyewe. Kwetu nako kuna sheria. Makokoro yamepigwa vita miaka na miaka, na mwaka 2024 upande wa Tanzania ziwa zima lilifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Mvuvi wa Tanganyika anajua kukatazwa. Kinachomshinda hapa ni kwamba kanuni zenu zimeandikiwa mtu aliyefundishwa kuvua na babu yake katika kaunti hii hii, na kwa hiyo zinaacha kusema mambo ambayo babu huyo alikwisha kuyasema.

Nimekusanya maswali yanayoulizwa kanisani, kazini na kwenye vikao vyetu. Mengine yana majibu ambayo nayajua, nami nayaandika hapa ili wasomaji wenzangu wafaidike. Mengine nakuachia wewe.

Swali la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote: nikivua, naweza kuuza?

Mheshimiwa, mtu wa Baraka hajui uvuvi usio wa kuuza. Samaki wakiwa wengi, wanapelekwa sokoni. Wakiwa wachache, jirani anapata wawili na watoto wanakula waliobaki. Kumweleza kwamba kuna leseni ya kuvua kwa starehe, ambayo unailipia pesa halafu huruhusiwi kuuza hata samaki mmoja, ni kumweleza jambo la ajabu. Lakini sheria ndiyo hiyo: leseni ya kawaida ni ya kula au ya kumrudisha samaki majini. Anayetaka kuuza anahitaji leseni ya biashara, ambayo ina vifaa vyake, maji yake na masharti yake. Hilo likishaelezwa, watu wanalikubali. Kinachobaki ni pale katikati, ambapo maisha yetu yako. Mwanamke anakaanga samaki aliovua mumewe, anawapeleka msibani, na watu wanatoa mchango kwenye sahani kama ilivyo desturi. Je, ameuza? Kijana anampelekea jirani mzee samaki watano, na mzee anamlazimisha apokee pesa ya mafuta ya gari. Je, hilo nalo? Mimi nina dhana yangu, lakini dhana yangu haimkingi mtu mbele ya hakimu. Tunaomba jibu la maandishi.

La pili ni hesabu. Katika maziwa madogo ya mijini yaliyo kwenye mpango wenu wa uvuvi wa mitaani, kama Waverly na Tom Wallace hapa Louisville au Jacobson kule Lexington, kikomo cha siku ni kambare wanne, na besi wa mdomo mkubwa (largemouth bass) ni mmoja tu, naye awe na inchi 15 au zaidi. Kikomo hicho ni cha mtu, si cha familia wala cha ndoo. Na hapo ndipo panapokuja desturi yetu ya kuvua pamoja. Baba ana leseni. Mama hana, ila anamshikia mshipi baba akienda kumfuata mtoto. Kwa macho yetu mama anasaidia. Kwa macho ya askari wenu wa wanyamapori, anayeshika mshipi ndiye anayevua, na mtu mzima anayevua anatakiwa awe na leseni yake mwenyewe. Mtoto wa miaka 15 kushuka chini haihitaji. Sentensi mbili kama hizo, zikiwekwa kwenye kibao palepale ziwani kwa Kiswahili, zingewaepusha watu na mengi.

Kupima nako kuna namna yake. Samaki analazwa kwenye rula mdomo ukiwa umefungwa, ncha za mkia zikibanwa pamoja. Na asikatwe kichwa wala mkia kabla hujamaliza uvuvi wa siku, kwa samaki wale wenye kikomo cha urefu au cha idadi, maana askari hawezi kumpima samaki asiye na kichwa. Kwetu samaki husafishwa palepale ufukweni, tena upesi, kwa sababu ya jua. Mtu anayefanya hivyo kando ya ziwa la Kentucky hafichi kitu, anafanya alichofundishwa na mama yake. Lakini ukimtazama kwa mbali, ni kama mtu anayeharibu ushahidi.

Wavu wa kurusha? Ni kwa samaki wadogo wa chambo. Samaki wa ndoano, yaani wale wanaovuliwa kwa starehe, akinaswa humo, anarudishwa majini papo hapo.

Sasa lile linalowatia watu hofu. Kwa nini leseni ya samaki inaniuliza namba ya sosho, yaani Social Security? Nawajua watu wanaoweza kulipa, wanaotaka kulipa, lakini wakifika kwenye swali hilo wanafunga simu. Mtu aliyetoroka serikali moja hapendi kuipa serikali nyingine namba zake bila kuelezwa. Na maelezo yapo: sheria ya shirikisho ya mwaka 1996, pamoja na marekebisho yake ya 1997, iliyataka majimbo yaulize namba hiyo hata kwenye leseni za starehe, ili kuwapata wazazi wanaokwepa kulipa matunzo ya watoto. Haihusu kuvua, wala haikutungwa kwa ajili ya wageni. Mstari mmoja wa kulieleza hilo, ukitoka kwako na si kwangu, ungeuza leseni nyingi kuliko tangazo lolote.

Linalofanana na hilo ni suala la askari mwenyewe. Nitalisema waziwazi, ingawa wenzangu wengine wangependa ninyamaze. Huko tulikotoka, ukikutwa na wavu usiotakiwa, mara nyingi mnamalizana palepale, na mwenye sare anaondoka na kitoweo. Mtu aliyezoea hivyo anaweza kutoa noti mfukoni kwa nia ya kuonyesha heshima, na kumbe anajitengenezea kosa kubwa kuliko samaki wa inchi 12. Andikeni kwenye vibao: askari hapokei pesa mkononi; akikuandikia karatasi, mambo yako yanakwenda mahakamani. Wala msione aibu kuliandika. Sisi hatutaona aibu kulisoma.

Mengine ni mepesi. Mwaka wa leseni unaanza tarehe 1 Machi na kwisha siku ya mwisho ya Februari, kwa hiyo anayeinunua Januari asishangae kuambiwa imekwisha baada ya wiki chache. Aliyehamia Kentucky akaweka makazi halali huhesabiwa mkazi baada ya siku 30. Jumamosi na Jumapili ya kwanza ya Juni watu wote wanavua bila leseni, ingawa vikomo vya urefu na idadi vinabaki vilevile.

Mto Ohio una kisa chake. Wengi wetu tunakaa upande huu na kufanya kazi Indiana, jimbo la ng'ambo ya mto, na swali ni: nikiwa katikati ya mto, niko kwa nani? Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1980 kwamba mpaka wa Kentucky unafuata mstari wa maji ya chini ya ukingo wa kaskazini kama ulivyokuwa mwaka 1792. Karibu mto wote ni wenu, basi. Kwa makubaliano na Indiana, leseni ya upande wowote inafaa kwenye mkondo mkuu, lakini haikufikishi ndani ya vijito na vihori vya upande wa pili. Sisi tuliotoka kwenye ziwa lenye nchi nne tunaelewa mipaka ya majini vizuri sana. Tunachoomba ni ramani.

Kuhusu afya, Mheshimiwa, hapa naomba msione haya kurudiarudia. Kuna tahadhari ya zebaki kwa samaki wa jimbo zima, hasa kwa wajawazito na watoto wadogo, na kwa baadhi ya samaki wa mto Ohio kuna tahadhari ya kemikali zinazojikusanya kwenye mafuta na ngozi. Mila yetu ya mapishi ni kula samaki mzima: kichwa ni cha mgeni, ngozi haitupwi, na supu ya mafuta ndiyo anayonyweshwa mzazi aliyejifungua. Ushauri uliotungwa kwa mtu anayekula mnofu mtupu haumfikii mwanamke huyo. Kama kuna ukurasa mmoja tu mtakaoutafsiri mwaka huu, na uwe huu.

Uwindaji nitaupitia kwa haraka, maana wanaowinda kati yetu bado ni wachache. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye, na ametimiza miaka 12, anatakiwa awe na kadi ya mafunzo ya uwindaji, na mafunzo hayo yana sehemu ya kufyatua risasi uwanjani. Yapo maneno ya usalama ambayo mtu hapaswi kuyakisia, kwa hiyo naomba siku moja kwa mwaka, Louisville au Bowling Green, mafunzo yafanyike akiwepo mkalimani wa Kiswahili. Aliyeua paa (deer) ni lazima amsajili kabla ya saa sita usiku wa siku hiyohiyo, na kabla ya kuanza kumchuna na kumkata vipande. Katika misimu ya kuwinda paa kwa bunduki, nguo ya rangi ya machungwa inayowaka ni lazima. Nyama haiuzwi, lakini inaweza kutolewa sadaka, na mpango wa kuwapelekea wenye njaa mnao tayari. Waambieni watu wetu, kutoa tunakujua.

Sasa niseme kwa nini mambo haya ni kwa faida yako pia. Idara yako haiendeshwi kwa mfuko mkuu wa kodi za jimbo. Inaishi kwa leseni, na kwa mgao wa shirikisho unaotokana na sheria mbili, ya Pittman-Robertson ya 1937 na ya Dingell-Johnson ya 1950, zinazotoza ushuru kwenye bunduki, risasi na vifaa vya kuvulia. Katika fungu la samaki, asilimia 60 ya mgao huenda kwa kufuata idadi ya wenye leseni katika jimbo. Kila Mkongo anayenunua ndoano dukani tayari amekwisha kulipa ushuru huo. Asiponunua leseni kwa sababu hakuelewa fomu, hahesabiwi popote, na Kentucky inakosa mara mbili.

Halafu kuna samaki mgeni aitwaye kapi wa Asia (Asian carp). Najua jinsi wanavyowasumbua kwenye ziwa Kentucky na ziwa Barkley: walitoroka mabwawa ya ufugaji ya kusini tangu miaka ya 1970, wakapanda mito, na sasa wanaruka juu ya mashua na kula chakula cha samaki wenu. Jimbo limetumia fedha nyingi kuwahimiza wavuvi wa biashara wawatoe. Kisa cha Wamarekani kutomla, naambiwa, ni miiba. Mheshimiwa, sisi tumelelewa kwa samaki wa miiba. Tunajua kumpasua mgongoni, kumkausha moshini, kumtwanga. Hana kikomo cha idadi, mradi asisafirishwe akiwa hai. Kati ya wazee wetu wapo waliokuwa na mitumbwi na mabaharia wao, na leo wanafunga maboksi usiku katika maghala. Wakionyeshwa kwa lugha yao njia ya kupata leseni ya biashara kwa ajili ya kapi, sitashangaa ukiwaona Barkley msimu ujao.

Ninachoomba, kwa hiyo, si upendeleo wala msamaha wa faini. Naomba karatasi moja ya Kiswahili yenye maswali haya na majibu yako, ikaguliwe na mtu aliyevua, si mtafsiri wa ofisini peke yake. Naomba vibao kwenye maziwa ya mitaani tunakoonekana kila Jumamosi. Na wikiendi ya kwanza ya Juni, mtume askari mmoja mwenye rula na mkalimani, akae Waverly tangu asubuhi, aulizwe kila kitu.

Karatasi hiyo ikishakuwa tayari, msiiweke kwenye tovuti peke yake. Ileteni kwenye maduka tunakonunua unga wa muhogo na ndakala wakavu. Wenye maduka nimekwisha kuzungumza nao, na ukuta wa karibu na kaunta upo wazi.

Wako kwa heshima,

Mzaliwa wa Uvira, mkazi wa Louisville, mwenye leseni