Barua kwa Kaka kuhusu Baba na tiba ya protoni

Kaka yangu mpendwa,

Barua yako imenifikia pamoja na nakala ya majibu ya Baba, nami nimeyasoma kwa utulivu zaidi ya mara moja kabla ya kuanza kukuandikia. Unataka kujua kama familia ichangishane ili Baba asafiri aje kutibiwa katika kituo ninachofanyia kazi, ambako saratani ya tezi dume hutibiwa kwa mionzi ya protoni. Jibu langu ni kwamba sioni sababu ya kumtoa Baba nyumbani kwa ajili hiyo, iwapo hospitali iliyompima inaweza kumpa tiba nzuri ya mionzi ya kawaida. Najua jibu hilo litawashangaza, hasa likitoka kwa mtu anayewalaza wagonjwa chini ya mashine hiyo kila siku ya kazi, kwa hiyo naomba usome barua yote kabla hujalikataa. Wasomee Mama na Shangazi pia, ila pale nitakapogusa mambo ya unyumba, msome wewe na Baba mkiwa wawili tu.

Nianze na linalotia moyo. Kipimo cha PSA, yaani cha damu kinachopima protini itokayo kwenye tezi dume, kimepanda kiasi, kinyama kilichokatwa kwenye tezi ili kuchunguzwa kimetoa alama ya Gleason, inayoonyesha ukali wa saratani, ya 7, na picha hazionyeshi kwamba ugonjwa umetoka nje ya tezi; kwa lugha ya madaktari, Baba yuko katika kundi la hatari ya kati. Saratani ya namna hii kwa kawaida hukua taratibu, na wiki chache za kuuliza maswali hazimpunguzii nafasi ya kupona. Uingereza ulifanyika utafiti uitwao ProtecT, uliowafuatilia wanaume 1,643 ambao ugonjwa wao uligunduliwa ukiwa bado ndani ya tezi. Wengine walifanyiwa upasuaji, wengine walipewa mionzi, wengine walifuatiliwa kwa vipimo, na matokeo ya miaka 15 yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba takriban 97 kati ya kila 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo, kundi lolote walilokuwamo. Wengi wao walikuwa na ugonjwa mwepesi kuliko wa Baba, kwa hiyo sisemi akae bila tiba. Nasema tu kwamba uamuzi huu usisukumwe na hofu.

Protoni ni chembe ndogo iliyomo ndani ya kiini cha kila atomu. Mwanafizikia Robert Wilson aliandika mwaka 1946 kwamba chembe hizo zikiharakishwa zinaweza kutibu uvimbe uliojificha ndani ya mwili. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa Berkeley mwaka 1954, na mwaka 1990 Loma Linda, California, kikafunguliwa kituo cha kwanza cha protoni nchini Marekani kilichojengwa ndani ya hospitali. Tofauti yake na eksirei, yaani ile mionzi ya kawaida, iko katika mahali nguvu inapotua. Eksirei huacha nguvu nyingi karibu na ngozi inapoingilia, kisha huendelea kupita hadi kutokea upande wa pili. Protoni huacha kidogo njiani, humwaga sehemu kubwa mwishoni mwa safari yake, kisha husimama. Kwa mtoto mwenye uvimbe ubongoni au karibu na uti wa mgongo, hiyo ni neema kubwa. Kwa tezi dume neema hiyo ina mipaka, nami nitaieleza mbele.

Wagonjwa wengi huniambia kwamba maandalizi huwasumbua kuliko tiba yenyewe. Kwanza daktari hupitisha sindano hadi kwenye tezi, akaacha humo vipande vidogo vya dhahabu ambavyo huonekana kwenye picha na kutuonyesha kila siku tezi imekaa wapi, kwa maana tezi husogea kadiri kibofu na utumbo vinavyojaa au kupungua. Mara nyingi huwekwa pia ute maalumu kati ya tezi na puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mkubwa, unaoisogeza puru mbali kidogo na mionzi na kisha kufyonzwa na mwili wenyewe baada ya miezi kadhaa. Vituo vingine hutumia kipira kinachoingizwa kwenye puru na kujazwa maji kila siku ya tiba. Baada ya hapo mgonjwa hupigwa picha za kupangia tiba akiwa amelala ndani ya godoro linaloshika umbo la mwili wake, ili kila siku alale vilevile. Hapa ndipo wazee wengi huumia moyoni, kwa sababu mwanamume aliyezoea kuheshimiwa anatakiwa avue nguo mbele ya watu wenye umri wa watoto wake na akubali kuguswa mahali ambapo hajawahi kuguswa na mtu. Mimi naamini kwa dhati kwamba stara anayopewa mgonjwa katika chumba kile ni sehemu ya tiba, na mahali popote Baba atakapotibiwa, ana haki ya kuuliza nani atakuwepo, kuomba afunikwe vizuri na kuelezwa kila hatua kabla haijafanywa.

Tiba yenyewe hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa. Zamani ilikuwa kawaida iendelee kwa wiki 8 au 9. Siku hizi vituo vingi huongeza dozi ya kila siku na kumaliza kwa takriban wiki 4 hadi 6, na wagonjwa wengine wanaofaa hupewa mara 5 tu. Kila siku mgonjwa hutakiwa afike puru ikiwa tupu na kibofu kikiwa kimejaa, kwa kuwa kibofu kilichojaa huusukuma utumbo mwembamba utoke kwenye njia ya mionzi. Kwa hiyo hunywa maji kwa kipimo, kisha husubiri. Mionzi hupita nyongani, kushoto na kulia, na kila upande huchukua dakika moja au mbili hivi. Muda mwingine wote tunautumia kumlaza sawasawa na kulinganisha picha. Hahisi joto wala maumivu, husikia tu sauti ya mitambo ikigeuka. Katika vituo vikubwa mashine moja ya kuharakisha chembe huhudumia vyumba kadhaa kwa zamu, na foleni ikirefuka, mtu mwenye kibofu kilichojaa hulala pale akiubana mkojo huku akihesabu sekunde. Ukiwauliza wagonjwa wangu ni jambo gani lilikuwa gumu zaidi, wengi watakutajia hilo. Akishatoka hana mionzi yoyote inayoweza kumdhuru mtu mwingine, na anaweza kumpakata mjukuu wake siku hiyohiyo.

Wiki ya kwanza wengi hawaoni mabadiliko, na baadhi huanza kudhani kwamba wameepushwa. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu mkojo hubadilika: huja mara kwa mara, huunguza, hutoka kwa nguvu ndogo, na usiku humwamsha mtu mara kadhaa. Dalili hizi huzidi kuelekea mwisho wa tiba na hata wiki moja au mbili baada yake, kisha hupungua polepole. Zipo dawa za kulegeza njia ya mkojo, na mgonjwa asiyesema kwa kuona haya huteseka bure. Uchovu nao huja, ule usioondoka kwa kulala, na kwa wanaume wengi kutembea kila siku husaidia kuliko kujilaza. Ngozi ya nyonga huweza kuwa nyekundu au kuiva kama iliyopigwa na jua.

Upande wa haja kubwa unahitaji uangalifu wa muda mrefu zaidi. Wakati wa tiba mtu huweza kupata choo laini au haja ya ghafla, lakini kinachowatisha wengi ni damu inayoonekana chooni miezi mingi baadaye, hata mwaka wa pili, wakati ambapo kila mtu ameshasahau. Mara nyingi damu hiyo hutoka kwenye mishipa midogo iliyodhoofishwa na mionzi katika ukuta wa mbele wa puru, na huweza kukoma yenyewe au kutibiwa. Siku hiyo ikifika, Baba lazima amwambie daktari atakayemchunguza kwamba aliwahi kutibiwa kwa mionzi ya tezi dume, maana kukata kinyama kwenye ukuta huo bila sababu ya msingi huweza kuacha kidonda kisichopona. Tafadhali liandikeni jambo hili katika daftari lake la kliniki, hata kama yote mengine katika barua hii mtayasahau.

Sasa hili ni lenu wawili. Nguvu za kiume hazipotei siku mionzi inapoanza. Kwa wale wanaopungukiwa, hupungua taratibu katika miaka miwili au mitatu, na wenye umri mkubwa, kisukari au shinikizo la damu huathirika zaidi. Manii hupungua sana au hukauka kabisa. Vidonge huwasaidia wengi, hasa wakianza mapema. Kama daktari ataongeza dawa za kuzuia homoni, jambo ambalo kwa kundi la hatari ya kati kwa kawaida huchukua miezi 4 hadi 6, basi hamu yenyewe huondoka kwa muda, mwili hupatwa na mafukuto ya joto, uzito huongezeka na hasira au huzuni huweza kuja bila sababu. Nimewaona wanaume waliodhani kwamba wamekuwa watu wengine, na wake zao waliodhani kwamba hawapendwi tena, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ni dawa. Ningependa Baba amweleze Mama yeye mwenyewe kabla ya sindano ya kwanza.

Tiba ikiisha, familia husherehekea, ilhali mgonjwa mara nyingi huingia katika upweke asioutarajia, kwa kuwa wahudumu waliokuwa wakimpokea kila siku hakutani nao tena na sasa kilichobaki ni kusubiri namba. PSA baada ya mionzi haishuki mara moja kama baada ya upasuaji, kwani tezi bado ipo; hushuka kwa miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya miaka miwili, na njiani huweza kupanda kidogo kisha ikashuka tena yenyewe. Madaktari huhesabu kwamba ugonjwa umerudi pale PSA inapopanda kwa 2 au zaidi juu ya kiwango cha chini kabisa ilichowahi kufikia. Basi akipata namba iliyopanda kidogo, msianze kupigiana simu usiku kwa kilio. Subirini kipimo kinachofuata.

Narudi kwenye swali lako. Karibu yote niliyoyaeleza, kuanzia dhahabu na kibofu kilichojaa hadi mkojo unaounguza, hupatikana pia kwa mtu anayetibiwa kwa eksirei za kisasa zinazofuata umbo la tezi. Sababu yake ni ya kimaumbile. Njia ya mkojo hupita katikati ya tezi, na ukuta wa mbele wa puru umegusana nayo, kwa hiyo mionzi ya aina yoyote inayotibu tezi nzima itavigusa vitu hivyo viwili. Protoni huupunguzia mwili uliobaki mionzi isiyohitajika, hilo ni kweli, na bado haikujulikana kama mgonjwa angeihisi tofauti hiyo hadi wanaume wapatao 450 walipogawanywa kwa bahati nasibu, nusu protoni na nusu eksirei, katika utafiti wa PARTIQoL uliotangazwa mwaka 2024. Baada ya miaka miwili hali ya utumbo wao haikutofautiana, na baada ya miaka mitano zaidi ya asilimia 93 ya kila kundi hawakuwa na dalili ya ugonjwa kuendelea. Mimi ninayeipenda kazi hii siwezi kukuficha hilo. Wagonjwa wangu huridhika mno, na kuridhika kwao ni kwa haki, lakini ninapowasikiliza nagundua kwamba wanachokishukuru ni kuelezwa mambo mapema, kupokelewa na watu walewale kila siku, na kukaa pamoja na wanaume wenzao wanaopitia jambo lilelile. Baba akija huku atakaa wiki nyingi mbali na Mama katika kipindi ambacho atamhitaji kuliko wakati wowote, na mkojo ukimwamsha usiku, mimi nitakuwa nimelala nikijiandaa kwa zamu ya asubuhi.

Fedha mnazotaka kuchanga zitafanya kazi zaidi zikilipia usafiri wake wa kila siku kwenda hospitali, picha nzuri kabla ya tiba, na vipimo vya PSA vya miaka ijayo. Mwulizeni daktari wa mionzi kama wanatumia mbinu inayofuata umbo la tezi, kama wanapiga picha kila siku kabla ya kuwasha mashine, kama wanaweka alama za dhahabu, na ni mara ngapi kwa mwaka wanawatibu wanaume wenye ugonjwa kama wa Baba. Akijibu kwa uwazi bila kukasirika, mmempata mtu sahihi. Mwulizeni pia kuhusu upasuaji, kwa sababu upasuaji baada ya mionzi ni mgumu zaidi kuliko kabla yake, na Baba aijue milango yote kabla hajaingia mmoja.

Wewe na mimi nasi tumeguswa. Mwanamume ambaye baba yake amepata saratani hii yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuipata, na asili yetu ya Kiafrika huongeza hatari hiyo. Huku Marekani takriban mwanamume mmoja mweusi kati ya sita huambiwa wakati fulani maishani kwamba anayo, wakati kwa wanaume wote kwa jumla ni mmoja kati ya wanane. Mimi nimekwisha kupima PSA. Nakuomba nawe upime mwezi huu, usingoje dalili, kwa sababu ugonjwa huu ukiwa bado mchanga hauna dalili.

Nitumie ripoti kamili ya kinyama, kurasa zote, ikionyesha ni vipande vingapi vilikutwa na ugonjwa, pamoja na siku ya miadi ya Baba na daktari wa mionzi. Siku hiyo nitaomba ruhusa kazini niwe nanyi kwenye simu mkiwa mbele ya daktari. Mwambie Baba kwamba nampa shikamoo, na Mama vilevile.

Mdogo wako akupendaye.