Kamati teule zipewe meno ya ufuatiliaji

Mhariri,

Kila sakata likizuka, wabunge hudai kamati teule. Sawa, lakini tukumbuke ile ya Richmond, iliyochunguza zabuni ya umeme wa dharura iliyopewa kampuni hiyo. Iliundwa Novemba 2007 chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na Februari 2008 ripoti yake ikasomwa Dodoma. Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, Baraza la Mawaziri likavunjwa.

Kishindo hicho kilipopita, kazi ikawa kutekeleza maazimio ya Bunge. Hapo kamati haina lake: huita mashahidi na kudai nyaraka, haishtaki mtu. Utekelezaji uliachiwa Serikali ileile iliyochunguzwa, mjadala ukavutwa hadi 2010, ukafungwa.

Spika aweke tarehe ya Serikali kurudi na majibu, azimio kwa azimio. Posho za wajumbe tunalipa sisi.

Msomaji wako,
Morogoro